Jinsi ya kumpendekezea mwenzako riwaya ya fantasia, ya kutisha au ya kisayansi, na aisome mpaka mwisho

Watu wengi wanaosema "hadithi za majini na vyombo vya anga mimi siziwezi" hawakushindwa na riwaya za namna hiyo. Walishindwa na kitabu kimoja walichopewa na rafiki aliyekipenda kupita kiasi. Mpenzi wa fantasia, yaani hadithi za uchawi na dunia za kubuni, ana pupa. Akiulizwa mtu asome nini, anataja kile kilichomtikisa yeye, mara nyingi juzuu ya kurasa 800 yenye ramani, nasaba za wafalme na lugha za kubuni, na anamtwisha mtu ambaye hajamaliza riwaya tangu atoke sekondari. Ikifika ukurasa wa 40, kitabu kinapanda juu ya kabati na hakishuki tena.

Kupendekeza kitabu ni kazi ya mshenga. Mshenga anazijua pande zote mbili, hafichi kasoro ya upande wowote, na akishawakutanisha anajua kukaa pembeni. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na msomaji, kisha unakuja kwa kitabu.

Hatua ya 1: Muulize alimaliza kitabu gani mara ya mwisho

Usimuulize anapenda vitabu gani. Swali hilo linamfanya mtu ajibu kwa adabu, ataje vitabu anavyoona anapaswa kuvipenda. Muulize kitabu cha mwisho alichokimaliza, hata kama ni cha miaka mingi nyuma. Kisha muulize kipi alikiachia njiani, na alifika wapi. Jibu la pili lina faida zaidi. Aliyeacha mwanzoni kabisa pengine alichoshwa na maelezo marefu au majina mengi. Aliyeacha katikati huenda alipoteza uzi wa matukio, au kuna jambo lilimuudhi.

Filamu na tamthilia za televisheni nazo zihesabu. Mtu anayekesha akitazama visa vya mapepo ana ladha iliyokomaa tayari. Ni vile tu hajapewa kitabu chake.

Usisahau pia kwamba wasomaji wengi wa Kiswahili wamekwisha kusoma fantasia darasani bila mtu kuiita hivyo. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni habari ya nchi inayoelea angani. *Adili na Nduguze*, iliyofuata mwaka 1952, ina mtawala mwema ambaye kila usiku anawapiga manyani wawili kwa siri, na anayemchungulia hajui kwa nini. Ukimkumbusha mtu kwamba alikipenda kitabu hicho akiwa kidato cha pili, umemwondolea nusu ya woga.

Hatua ya 2: Jua ni ladha ipi anaifuata

Hapa ndipo mapendekezo mengi yanapoharibikia. "Ya kutisha" si ladha moja, na "ya kisayansi" nayo si moja.

Chukua riwaya za kutisha. Kuna anayetaka wasiwasi: mlango unaogongwa usiku na hakuna mtu nje. Kuna anayetaka damu na zimwi lenyewe lijitokeze. Hawa wawili ukiwabadilishia vitabu, wote watakasirika. Wa kwanza mpe *The Haunting of Hill House* ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959. Watu wanne wanakaa kwenye nyumba yenye sifa mbaya, damu karibu haimwagiki, na hofu inatoka zaidi katika akili ya mwanamke mmoja mpweke kuliko katika kuta. Wa pili atakiona hicho kitabu kimepooza. Huyo mpeleke kwa Stephen King, lakini usimwanzishie *It* ya mwaka 1986, ambayo inapita kurasa 1,000. *Carrie* ya mwaka 1974, riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, ni nyembamba, inakwenda mbio, na kisa chake cha binti anayenyanyaswa na wenzake shuleni kinaeleweka popote.

Kwenye sayansi, tofauti kubwa ni kati ya msomaji wa mashine na msomaji wa jamii. Wa mashine anataka kujua kitu kinafanyaje kazi: oksijeni itatosha siku ngapi, injini itawashwaje. *The Martian* ya Andy Weir imeandikwa kwa ajili yake. Mwanaanga ameachwa peke yake kwenye sayari ya Mars na analima viazi ili asife njaa. Wa jamii hana habari na injini. Anachotaka kujua ni watu wangeishije kama dunia ingekuwa vingine. Mpe Octavia Butler. *Parable of the Sower* ilitoka mwaka 1993, na shajara ya binti anayesimulia inaanza Julai 2024, katika California iliyochomwa na ukame, moto na umaskini. Kusoma sasa mwaka ambao Butler aliukisia kwa mbali namna hiyo kunamshika msomaji koo.

Kwenye fantasia, sikiliza kama mtu anasema "nataka kupotelea humo" au "nataka kumfuata mtu mmoja". Wa kwanza anaweza kuvumilia ramani na historia ndefu. Wa pili hawezi, na hakuna haja ya kumlazimisha.

Hatua ya 3: Pima unene, lugha na mahali pa kukipata

Kwa msomaji mpya, au aliyerudi baada ya miaka, kitabu cha kwanza kisizidi kurasa 250. Hapa silegezi. Kumaliza kunampa mtu hamu ya kingine. Kushindwa kunampa sababu ya kuacha.

Lakini wembamba pekee hauaminiki. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni nyembamba kuliko madaftari mengi ya shule, na bado ni miongoni mwa riwaya ngumu kabisa za Kiswahili: haina mpangilio wa kawaida wa matukio, inazungumza kwa ndoto na mafumbo. Ni kitabu kikubwa kwa maana nyingine, na mtu akipewa mapema anaweza kudhani tatizo ni lake.

Lugha nayo ipime bila aibu. Riwaya nyingi za aina hizi zipo kwa Kiingereza, na Kiingereza hakilingani. Cha Weir ni cha mazungumzo, chepesi. Cha Bram Stoker, mwandishi wa *Dracula*, ni cha mwaka 1897, na sentensi zake zinataka subira. Mtu anayesoma Kiingereza kwa taabu usimpe Stoker halafu ushangae amenyamaza.

Kuhusu kupata, usimtajie mtu kitabu ambacho hajui atakipata wapi. *Frankenstein*, *Dracula* na *The Time Machine* vimeshatoka kwenye hakimiliki, hivyo vinapatikana bure na kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg na kusomeka kwenye simu. Riwaya za Kiswahili zilizowahi kutahiniwa shuleni zitafute kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga mali yao kando ya barabara. Nakala zina majina ya wanafunzi na majibu ya mtihani pembezoni, lakini zinasomeka. Ukiwa na nakala yako, azima hiyohiyo. Andika jina lako ndani kwa kalamu ya wino.

Hatua ya 4: Kuwa na akiba ya vitabu vya mlangoni

Kitabu cha mlangoni si lazima kiwe kile unachokipenda kuliko vyote. Ni kile kinachomwingiza mtu ndani bila kumchubua. Hivi ndivyo ninavyovitegemea.

*Binti* ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2015, ina kurasa zisizofika 100 na ilishinda Hugo na Nebula, tuzo za hadithi za kisayansi na fantasia. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, akiwa amejipaka udongo mwekundu wa kwao, na chombo anachosafiria ni kiumbe hai. Mtu yeyote aliyewahi kuondoka nyumbani kwenda kusoma mbali, ndugu wakinung'unika, atamwelewa binti huyu ukurasa wa kwanza. Kasoro yake ni kwamba mambo mazito yanatatuliwa haraka mno mwishoni. Mwambie mapema.

*A Wizard of Earthsea* ya Ursula Le Guin, ya mwaka 1968, ndiyo fantasia ninayompa mtu wa pwani kwanza. Dunia yake yote ni visiwa. Watu wanasafiri kwa mashua, upepo ni jambo la kufa na kupona, na mchawi kijana anayeitwa Ged, mchunga mbuzi wa zamani, ana ngozi ya wekundu wa kahawia. Kwa kiburi chake anafungulia kivuli kinachomwinda, na hadithi nzima ni mbio za hao wawili. Mtu aliyekulia Pemba au Lamu hahitaji kuelezwa bahari ile ina maana gani. Ni riwaya fupi, na kila sentensi imepimwa.

*Kindred* ya Butler, ya mwaka 1979, mpe mtu anayesema hasomi vitu visivyotokea kweli. Mwanamke Mweusi wa California ya mwaka 1976 anavutwa ghafla, bila maelezo yoyote ya kitaalamu, hadi Maryland ya enzi za utumwa, na anarudishwa, na anavutwa tena. Hakuna mashine ya kusafiria wakati. Kuna shamba, mjeledi, na mtoto wa mwenye shamba ambaye yeye analazimika kumwokoa. Kwenye kikundi cha usomaji, sijui kitabu kinachozua mjadala mkali kuliko hiki, na kwetu, ambako historia ya utumwa imo kwenye majina ya mitaa na ya familia, mjadala hauishii Maryland.

*The Time Machine* ya H. G. Wells, ya mwaka 1895, inamfaa mwenye jioni mbili tu. Msafiri anafika mwaka 802,701 na kukuta binadamu wamegawanyika viumbe wa aina mbili. Ukurasa wa kwanza una maongezi mazito ya hisabati. Mwambie avumilie hapo tu.

Kwa Kiswahili, ukiacha Shaaban Robert, kuna *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani na kujikuta kwenye dunia nyingine. Inachekesha, inauma, na Kiswahili chake kina ladha ya pwani ya Kenya. *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, inamtoa mzee kaburini aje kumsumbua mjukuu wake mwenye cheo. Mpe mtu anayependa siasa, naye hatakumbuka kuuliza kama hii ni fantasia au la. *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wamitila, ya mwaka 2002, iache ije ya tatu au ya nne.

*Frankenstein* ina hadithi ya kuzaliwa kwake ambayo yenyewe ni kivutio. Mary Shelley alikuwa na miaka 18 alipoianza, majira ya kiangazi ya mwaka 1816, karibu na Ziwa Geneva, baridi na mvua zikiwafungia ndani kwa sababu majivu ya volkano ya Tambora yalikuwa yamevuruga hali ya hewa ya dunia. Wenzake walishindana kutunga hadithi za mizuka. Mwambie mtu hayo, kisha mwonye kwamba riwaya inaanza na barua za nahodha aliye kwenye barafu ya kaskazini, na zimwi halionekani mapema. Wengi huachia kwenye barua hizo, na hawajui kwamba baadaye zimwi lenyewe linazungumza, kwa kirefu, na kwamba maneno yake ndiyo moyo wa kitabu.

Hatua ya 5: Toa onyo kwa heshima

Riwaya hizi zinagusa vifo, maiti, ubakaji, mapepo. Kunyamaza ni kumkosea mwenzako. *Pet Sematary* ya King imejengwa juu ya kifo cha mtoto mdogo. *The Fifth Season* ya N. K. Jemisin, ya mwaka 2015, ni kitabu bora mno, lakini kinaanza na mama aliyemkuta mwanawe ameuawa na baba yake. Mzazi aliyefiwa asikutane na kurasa hizo kwa kushtukizwa, tena kwa mkono wako. Maneno machache yanatosha: "Kuna mtoto anafariki mwanzoni. Kama si wakati wake, tutafute kingine." Mwachie aamue mwenyewe.

Jambo la imani nalo lipo, na si la kulibeza. Kuna wasomaji, Waislamu na Wakristo, wasiotaka kitabu chenye uchawi au mashetani nyumbani kwao. Usibishane nao. Wana nafasi pana upande wa sayansi, na *The Martian* haina jini hata mmoja. Wengine hawana neno na uchawi wa kubuni lakini hawataki mambo ya ahera yaguswe. Hao *Ziraili na Zirani* ya William Mkufya usiwape bila kuwaeleza, maana inaingia huko moja kwa moja na kuihoji imani. Na ukimpa mtoto wa mwenzio kitabu cha kutisha, mzazi wake awe na habari.

Hatua ya 6: Pendekeza kimoja, kwa maneno machache

Orodha ya vitabu kumi ni njia ya uhakika ya kumfanya mtu asisome hata kimoja. Taja kimoja. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Kaka, kuna riwaya inaitwa *The Martian*. Jamaa kaachwa peke yake Mars, wenzake wanajua kafa, na chakula hakimtoshi. Nimekukumbuka kwa sababu wewe ukiona kitu kimeharibika lazima ukifungue, na kitabu kizima ni kazi hiyo. Hesabu zimo nyingi, zikikuchosha ziruke, hutapotea. Kiingereza chake chepesi. Soma kurasa 30, kama hakijakushika kirudishe."

Angalia kilichomo: hali ya mwanzo, sababu inayomhusu yeye, kasoro pamoja na namna ya kuikwepa, na ruhusa ya kuacha. Hakuna "lazima usome", wala "kitabu bora kuliko vyote". Sifa za namna hiyo zinampandisha mtu matarajio ambayo hakuna mwandishi anayeweza kuyafikia.

Kwa mtu mzima au mwalimu wako, geuza kauli. Mkubwa hapangiwi cha kusoma, anaombwa maoni: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma *Babu Alipofufuka* na sehemu ya mzee anapomzungukia mjukuu wake imenikaa kichwani. Ningefurahi kusikia wewe unaionaje." Atakitafuta.

Kuhusu kutomharibia uhondo, kipimo changu ni kimoja: unaweza kusema chochote ambacho kitabu chenyewe kinakisema katika kurasa zake za mwanzo, basi. *Kindred* inakuambia mapema kabisa kwamba mwanamke yule alipoteza mkono katika safari yake ya mwisho. Hilo liseme, maana mwandishi mwenyewe ameamua ulijue. Aliupotezaje, nyamaza. Manyani wa *Adili na Nduguze* ni akina nani, nyamaza. Na kama steringi anakufa au hafi, nyamaza hata ukibanwa.

Hatua ya 7: Mweleze ukweli kuhusu mifululizo

Kabla hujamtajia mtu juzuu ya kwanza, mwambie ziko ngapi na kama zimekamilika. Mfululizo wa George R. R. Martin, *A Song of Ice and Fire*, ulianza mwaka 1996, juzuu ya tano ikatoka mwaka 2011, na mbili za mwisho zinasubiriwa. Kuna wanaoweza kuishi na hilo na kuna wasioweza. *The Hobbit* ya Tolkien, ya mwaka 1937, inasimama peke yake, na ndiyo itangulie. *The Lord of the Rings*, iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, ifuate kama mtu ameomba zaidi. *Earthsea* na *Binti* zina vitabu vinavyofuata, lakini cha kwanza kinatosheleza. Kwa ujumla fuata mpangilio wa kuchapishwa, si wa miaka ya ndani ya hadithi.

Hatua ya 8: Baada ya kumpa

Usimuulize "umemaliza?" Swali hilo linageuza kitabu kuwa deni. Muulize amefika wapi, au anamwonaje mhusika fulani. Akiwa amekiacha, sikiliza ukurasa gani na kwa nini, bila kukitetea, kwa sababu jibu hilo ndilo litakalokupa kitabu kinachofuata. Aliyechoshwa na ukimya wa Jackson mpe *Carrie*. Aliyesumbuliwa na hesabu za Weir mpe *Binti*.

Na akikimaliza akataka kingine, usiruke mbali. Songa hatua moja. Kutoka *Binti* nenda *Rosewater* ya Tade Thompson, inayotokea Nigeria ya mwaka 2066 na iliyoshinda Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019. Ni ngumu zaidi, inarukaruka miaka, lakini msingi ameshaupata. Kutoka *Kindred* nenda *Parable of the Sower*. Kutoka *Kusadikika* nenda *Walenisi*, kisha *Bina-Adamu!*, na hapo ndipo *Nagona* inapopata msomaji wake. *Dune* ya Frank Herbert, ya mwaka 1965, iweke kwa aliyekwishazoea ulimwengu wa kubuni. Ni nene, na ina faharasa ya maneno nyuma, ingawa msomaji wa Kiswahili atakayekutana na Mahdi na jihadi kwenye sayari ya mchanga hatakuwa mgeni kama wengine. Kabla hujamkabidhi, mwonyeshe ilipo faharasa hiyo, weka karatasi kwenye ukurasa wake, kisha mwachie.